Mlango Wangu, Rangi Yangu

Kila mtu wa mtaa wetu alikuwa na maoni kuhusu rangi ya mlango wangu, na hakuna hata mmoja niliyemwomba. Nilijenga banda la gari, la matofali, nikalimwagia zege chini. Fundi Bonifasi akanichomelea mlango wa chuma wa mbawa mbili, mpana wa kupitisha Land Cruiser ya watalii na bado mtu akapita pembeni na ndoo kichwani. Ulipofungwa tu kwenye nguzo zake, chuma kitupu, bado una alama za grenda, watu wakaanza. Utadhani nimeutundika pale ili upigiwe kura.

Wa kwanza alikuwa Janeth, jirani yangu mwenye nyumba ya wageni. "Shoga, upake rangi ya mbao," akasema. "Kuna mafundi Arusha wanakuchorea mistari ya mbao juu ya chuma, mtu hajui mpaka augonge. Wazungu wanapenda sana."

"Wazungu watalala kwenye banda langu la gari?" nikamuuliza. Akanuna, lakini kesho yake alirudi na picha kwenye simu.

Halafu mume wangu, Inosenti. Huyu ni Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi maadui zake wakubwa duniani ni uchafu na kelele. "Kahawia, Mama Simel," akasema bila kuinua macho kwenye madaftari yake. "Vumbi letu ni jekundu. Ukipaka rangi nyingine yoyote utakuwa unaufua huo mlango kila wiki kama shati la shule."

Na Bonifasi mwenyewe, mtu wa Mbulu, fundi mzuri lakini ana maneno, yeye alitaka rangi ya unga. Mlango unang'olewa, unapelekwa Arusha, unapulizwa unga wa rangi, unatiwa kwenye tanuri na kuokwa. "Haichubuki hiyo, mama. Haipauki. Wajukuu zako wataikuta."

"Bonifasi, mlango wangu si mkate. Hauendi popote kuokwa."

Mimi nilikuwa nimeshakata shauri siku nyingi. Nilitaka rangi ya gari. Ile ile ya kupuliza, kijivu cha fedha, inayong'aa mpaka unaweza kusimama mbele yake ukafunga kilemba. Nilitaka mlango ambao mtu akija anajiona mwenyewe kabla hajaniona mimi.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa mkali namna ile, maana mimi ni mkali siku zote, lakini mwezi ule nilizidisha. Baba yangu alikuwa anakuja.

Baba yangu ni Mzee Saning'o wa Enguserosambu, huko Loliondo. Kwetu Wamaasai boma huzungushiwa ua wa miiba, na kila mwanamume mwenye mji wake ana mlango wake kwenye ule ua, anapopitisha ng'ombe wake asubuhi na jioni. Mlango ule ndio enkishomi. Si mlango tu, ni jina. Mtu akiuliza wewe ni wa wapi, anajibiwa kwamba ni wa enkishomi ya fulani. Na mwanamke? Mwanamke anapita kwenye ya baba yake, akiolewa anapita kwenye ya mumewe, anazeeka, anakufa. Yake hana.

Nilipoaga nyumbani kwamba ninakwenda kujifunza udereva, baba hakunikataza. Aliniangalia tu, mbele ya wazee wenzake waliokuja kunywa chai, akasema, "Sawa, endesha. Lakini hilo gari utalilaza wapi? Mwanamke hana enkishomi." Wazee wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mzee Sairowua, wa rika lake, mpaka chai ikampalia. Na mimi nikacheka pamoja nao, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira mpaka pua ikavimba.

Nikaendesha. Nimeendesha magari ya watu kwenye matope ya Ndutu, nimeshuka kreta ya Ngorongoro kwenye ukungu ambao huoni hata boneti lako, nimevuta madereva wanaume waliokwama huku wanajifanya wanapiga picha. Wageni wakishangaa kwamba dereva ni mama nawaambia wafunge mikanda. Mpaka nikanunua gari langu mwenyewe. Langu, jina langu ubavuni: Nanyori Safaris. Haki ya Mungu, siku lile jina lilipobandikwa nilizunguka Karatu nzima bila safari yoyote, nanunua kiberiti hapa, nanunua chumvi kule.

Baba hakuwahi kulala kwangu. Alikuwa akisema, "Mimi silali nyumba ya kupanga." Basi tukajenga. Nyumba ikaisha, banda likaisha, na kaka yangu Supeet akapiga simu kusema mzee atakuja Jumapili, anataka kuona hilo banda la gari watu wanalolisema huko Wasso, mji wa karibu na kwetu.

Nikamwambia Inosenti siku ile ile: baba atasimama mbele ya ule mlango, atajiona sura yake kwenye rangi, na atasema kwa mdomo wake kwamba ni enkishomi yangu. Sitaki zawadi, sitaki mbuzi. Nataka hilo neno. Inosenti akasema, "Na asiposema?" Nikamkata jicho, akarudi kwenye madaftari.

Bonifasi akaanza kazi. Akapiga msasa chuma chote, akafuta, akapaka rangi ya chini, ile ya kuzuia kutu wanayoiita redoksaidi. Kila fundi wa chuma Tanzania anaanza na hiyo. Ni nyekundu iliyofifia, haina mng'ao hata kidogo, ukiitazama utasema mtu amesiliba udongo. Nikasema si kitu, ni nguo ya ndani hiyo, itafunikwa. Makopo ya kijivu yakaja na basi kutoka Arusha, nikayaweka sebuleni nikawa nayachungulia kama mtoto mchanga.

Halafu ukungu ukashuka. Ulikuwa mwezi wa saba, na nyie mnaoijua Karatu ya mwezi wa saba mnajua ninachosema. Unatoka kule juu msituni Ngorongoro, unatambaa mpaka jikoni. Nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Bonifasi akakataa kupuliza.

Nikamfuata kwenye karakana yake. "Bonifasi, baba yangu anakuja Jumapili."

"Karibu sana mzee. Lakini sipulizi. Unyevu huu ukinaswa ndani ya rangi, mlango utapata weupe kama chai iliyotiwa maziwa mabovu. Utanitukana mpaka nife."

"Nakutukana sasa hivi!"

"Mama, wewe unashuka kreta kwenye ukungu?"

"Nashuka. Najua njia."

"Basi na mimi sipulizi. Najua rangi." Akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi ya mtu mwingine. Cheche zikaruka, nikarudi nyuma. Jambo hilo hunitokea mara chache sana. Tulikubaliana kwamba jua likitoka tu, hata Jumapili, aje.

Jumamosi jioni niko uani naanua nguo zisizokauka, gari likasimama barabarani. Mzee mmoja akateremka, koti zito juu ya shuka zake, kofia ya sufu, fimbo, viatu vya matairi. Alikuwa baba, amepata lifti kutoka Wasso, akaona ya nini kungoja basi la kesho.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbia kumpokea, nikainamisha kichwa, akaweka kiganja chake juu ya utosi wangu kama alivyofanya tangu sijaota meno. Inosenti akatoka mbio na chaki bado mkononi, wakasalimiana. Wao wanaitana Pakiteng, kwa sababu ya dume la ng'ombe walilopeana wakati wa harusi yetu. "Pakiteng, habari ya safari?" "Njema, Pakiteng." Lakini macho ya baba yalikuwa yameshatupita sisi wote wawili. Yalikuwa kwenye mlango.

Akaufuata. Nikamfuata nyuma, mdomo hauna breki. Akaugonga kwa fimbo, ukalia. Akaweka kiganja chake chote juu ya ubawa mmoja, akakitoa. Kwa baridi ile rangi ilikuwa haijakauka vizuri, kiganja kikatoka chekundu. Akakinusa.

"Olkaria," akasema.

Olkaria ni ule udongo mwekundu tunaojipaka kwetu. "Hapana, Papa," nikasema. "Si olkaria. Ni redoksaidi. Ni ya chini tu, ya kuzuia kutu. Rangi yenyewe iko ndani, kwenye makopo, inang'aa kama kioo! Ukungu ndio umetuharibia. Ungekuja kesho kama ulivyosema, Papa, ungekuta..."

"Ya kuzuia nini?"

"Kutu. Mvua isile chuma."

"Na olkaria unafikiri tulijipaka ya nini? Jua lisile ngozi." Alikuwa anasema Kiswahili, polepole, ili mkwewe asikie. Akageuza kiganja chake huku na huku. "Mimi nilipokuwa morani nilipakwa hii kuanzia nywele mpaka kifuani. Hakuna mtu aliyeniuliza rangi ya juu iko wapi."

Inosenti akacheka. Nikamkanyaga mguu.

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kopo dogo la siagi. Ndani hamkuwa na siagi, bali mafuta ya mkia wa kondoo, yale tunayobarikia. "Mtu akiingia, kulia kwake ni huku?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akaanza na nguzo ya kulia, kisha ya kushoto, kisha mbawa zote mbili, kwa kiganja kizima, taratibu, kama anayempaka ng'ombe mwenye kidonda. Huku ananong'ona kwa Kimaasai, anamwomba Enkai, Mungu wetu, watoto, mvua, ng'ombe wenye maziwa. Mwishoni akaongeza matairi.

Mimi si fundi, lakini hakuna dereva asiyejua kwamba rangi na mafuta haviketi pamoja. Niliona kila kiganja kinavyopita. Sikumzuia. Nilikuwa nasubiri lile neno.

Hakulisema. Alifunga kopo lake, akasema, "Banda zuri," akaingia ndani kuota moto.

Alikula akashiba. Alisifu chai. Alisimulia habari za malisho, za ndama wa Supeet aliyevunjika mguu, za barabara ya Wasso ilivyomvuruga mgongo. Nikaona nimtege. "Papa, mlango umeuonaje?"

Akafikiri. "Mpana," akasema.

Mpana! Nilinyanyua vyombo nikaenda navyo jikoni nikavitupa kwenye beseni mpaka kikombe kikavunjika mkono. Inosenti akanifuata. "Nanyori, mzee ameupaka mafuta ya baraka kwa mkono wake. Unataka nini tena?"

"Nataka aseme."

"Kutenda hakutoshi?"

"Alisema mwanamke hana enkishomi, na alisema mbele za watu. Basi aseme tena mbele za watu kwamba ninayo." Machozi yalikuwa karibu, na mimi nikikaribia kulia huwa napandisha sauti. Inosenti akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani, na kwa hilo nampenda sana yule mwanamume.

Asubuhi tukaamka na jua. Ukungu wote umekwenda, msitu wa Ngorongoro unaonekana mti kwa mti. Bonifasi alisali misa ya kwanza, akaja moja kwa moja na mashine yake ya kupulizia. Akaweka vitu chini, akapitisha kidole mlangoni kama kawaida yake. Akakitazama kidole. Akapitisha tena mahali pengine.

"Nani kapaka mafuta hapa?"

"Baba yangu."

"Mama yangu! Mlango mzima?" Akashika kiuno. "Haishiki rangi hapa. Nikipuliza leo, kesho kutwa inabanduka vipande vipande. Kwa nini hukumzuia?"

"Wewe ungemzuia baba yako?"

Akainama kwenye vifaa vyake. Halafu akafungua kopo la thina, akalowesha kitambaa, harufu ikajaa uani. "Basi tutafuta. Thina, kisha msasa, kisha redoksaidi upya mahali palipochubuka. Jua lipo, jioni utakuwa unajiona sura yako."

Na mimi nilitaka kujiona sura yangu! Nilikuwa nimeungoja ule mng'ao tangu siku ile nyuma ya nyumba Enguserosambu. Nikiuacha mlango hivi, Janeth atapita, mtaa mzima utapita, watasema Nanyori kaishiwa njiani. Lakini nikiufuta, nitakuwa nimechukua kiganja cha baba yangu nikakipangusa kwa kitambaa, na yeye yuko pale pale anaona. Bonifasi akanyanyua kitambaa kuelekea nguzo ya kulia. "Ngoja kwanza," nikasema.

Baba alikuwa amesimama karibu na gari langu, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Simu yake anaiweka sauti ya nje siku zote, na bado anapiga kelele kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Upande wa pili nikaitambua sauti. Mzee Sairowua. Walikuwa wanasema Kimaasai.

"Umefika?" Sairowua akauliza. "Umelala wapi, kwa yule mwalimu?"

"Hapana," baba akasema. "Nimelala kwenye enkishomi ya Nanyori."

"Ya nani?"

"Ya Nanyori! Masikio yako yamekufa? Nanyori, binti yangu. Enkishomi yake inapitisha gari zima na paa lake. Nimeipaka mafuta mwenyewe jana. Waambie na hao wengine waliokaa hapo."

Kumbe Sairowua hakuwa peke yake. Nikasikia wazee wakiguna kwenye simu, mmoja akauliza ni nini, mwingine akamrudishia neno lile lile, enkishomi ya Nanyori. Safari hii sikumsikia mtu akicheka.

Bonifasi hajui Kimaasai. Yeye alichoona ni mama mteja wake amesimama katikati ya uwanja, mikono kichwani, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, nifute nisifute? Thina inaruka hewani hii."

"Funga kopo lako."

"Nini?"

"Nimesema funga. Mlango umekwisha."

"Haujaisha!" Sasa na yeye mori ulimpanda. "Hii ni rangi ya chini! Watu wataniuliza ni fundi gani aliyeacha kazi katikati. Vumbi la Karatu likikutana na hayo mafuta, utaona."

"Vumbi jekundu kwenye mlango mwekundu, nani ataliona? Mwulize mwalimu." Inosenti alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba na kikombe kilichovunjika mkono, anatabasamu. "Na mafuta nayo yanazuia maji, Bonifasi, usinidanganye. Yakikauka nitapaka mengine, kila mwaka, kwa mkono wangu. Watu wakikuuliza, waambie aliyechomelea ni wewe, na wa mwisho kupaka ni Mzee Saning'o wa Enguserosambu."

"Na hayo makopo ya kijivu?"

"Mpelekee Janeth, achore mbao."

Akatikisa kichwa, lakini akafunga kopo. Halafu, fundi ni fundi, akachukua kitambaa kikavu akaenda kupangusa bawaba, akazitia grisi, maana alisema kama mlango lazima uonekane kichaa basi angalau usipige kelele.

Baba akamaliza simu yake, akaja. Hakuniambia alichosema, na mimi sikumwambia nimesikia. Akatazama thina, akatazama mashine, sidhani kama kuna kitu hakukielewa. "Nanyori," akasema, "hilo gari linalala uani? Lipitishe nilione."

Nikaliingiza kwanza kinyumenyume, maana lilikuwa uani, nikafunga mbawa, nikazifungua tena zote mbili. Nikakaa kwenye usukani. Baba alikuwa ameshakwenda kusimama kando ya nguzo ya kulia, fimbo mabegani, pale pale anaposimama asubuhi ng'ombe wake wanapotoka kwenda malishoni. Nikawasha. Machozi yamejaa, kioo cha pembeni sikioni vizuri. Nikaachia klachi taratibu, pua ya gari ikatokeza kwenye jua. Janeth yuko kwenye uzio wake na mswaki mdomoni, anatazama.

Baba akanyanyua fimbo. Akapaza sauti, kwa Kiswahili, mtaa mzima usikie.

"Polepole, Nanyori! Usiikwaruze enkishomi yako!"

"Sijawahi kukwaruza kitu mimi, Papa!" nikamjibu, nikapita.